Tiketi nne, bei mbili

Shemeji yangu ni bingwa wa mambo ambayo hajawahi kuyafanya. Aliposikia natafuta tiketi nne za ndege, mimi, mke wangu na vijana wetu wawili, akanipa masharti kama ya mganga: subiri Jumanne, saa nane za usiku, futa vidakuzi vyote kwenye simu, zile kumbukumbu ambazo tovuti huacha humo, ndipo utafute.

Nikatii. Nilifuta kila kilichofutika. Bei ikatoka ileile, ila mimi nikajikuta nje ya akaunti zangu zote, ya benki ikiwemo, na nywila sikumbuki hata moja. Nikabahatisha mara tatu, wakanifungia. Kesho yake nilisinzia kikaoni mbele ya bosi.

Kilichokuwa kinanikera hasa ni ile nauli inayonenepa njiani. Tangazo linasema hivi. Ukibonyeza, kiti kinalipiwa, begi linalipiwa, na ukifika kwenye malipo imeongezeka karibu theluthi. Ulaya kuna kanuni ya 2008 inayowalazimu wenye ndege kuonyesha bei kamili pamoja na kodi na tozo za lazima, na Marekani matangazo yanabanwa vivyo hivyo tangu 2012. Basi wakahamia kwenye vya hiari. Eti begi ni hiari! Labda kuna watu wanaosafiri wakipunga mikono.

Sasa sikia nilivyowapata. Siku zote nilikuwa natafuta kwa watu wanne. Jioni moja, kwa uvivu tu, nikaacha idadi ikisomeka mtu mmoja. Bei ya kila kichwa ikashuka. Nikadhani nimekosea tarehe. Nikaweka wanne, ikapanda. Wawili, ikashuka. Watatu, juu tena! Nikaendelea kupandisha na kushusha kama mtoto aliyegundua swichi ya taa, mpaka mke wangu akaniuliza nacheka nini.

Kumbe viti vya daraja la kawaida vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake, ingawa magoti yanabanwa kotekote sawasawa. Fungu la chini lilikuwa limebakiwa na viti viwili. Ukiomba vinne kwa mpigo, mfumo kwa kawaida hutafuta fungu moja linalowatosha wote, na wote wanne mnatozwa bei ya juu. Ndiyo maana pia bei huweza kuruka kati ya asubuhi na jioni: kuna mtu kamaliza fungu. Vidakuzi vyako havina kosa.

Nikakata mbili za chini kwanza, kisha mbili za juu. Nilichookoa kililipa mabegi na kikabaki. Weka mtu mzima mmoja kwenye kila bukingi, na usome masharti kabla ya kulipa, maana tiketi za fungu la chini mara nyingi hazibadilishwi tarehe.

Halafu nikapiga simu kwenye shirika waandike kwamba bukingi hizi mbili ni familia moja, ndege ikibadilishwa wasitutawanye. Dada aliyepokea akauliza, "Sasa baba, kwa nini hamkukata pamoja?" Nikamweleza yote, tangu kidakuzi cha kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri kidogo baba," na muziki ukaanza. Aliporudi alikuwa ameshaandika.

Tatizo limebaki moja. Siku niliyokata, bila kukusudia, ilikuwa Jumanne, na shemeji ameiona tarehe kwenye risiti.