Simfoni ya kipenga

"Kwa hiyo siku hizi umekuwa refa?"

Tumehamia nyumba mpya, mkataba wa okestra umesainiwa, mwanangu Bakari katimiza miaka tisa, na mimi bado niko kwenye simu ya Jumapili. Shikamoo shangazi, marahaba baba, mnapiga nini huko? Nikajibu mbio mbio: Metropolis Symphony, simfoni ya mtunzi Mmarekani Michael Daugherty kuhusu Superman, na mimi napuliza kipenga. Katika vyombo vyote vilivyonizunguka kule nyuma, kinywa kikachagua kipenga.

"Siyo refa, shangazi. Ni simfoni."

"Simfoni ya kipenga." Akacheka mpaka akakohoa, akampa simu Mama Zuhura.

Majibu yamekuja Jumatatu, kama kawaida yake. Ningemwambia kwamba Daugherty, mzaliwa wa Cedar Rapids, Iowa, aliianza kazi hii 1988, mwaka Superman alipotimiza miaka 50 tangu atokee kwenye katuni. Kwamba wakati huo alikuwa akifundisha chuo cha Oberlin, hapa hapa Ohio, si mbali na Cleveland ambako vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimbuni huyo Superman. Kwamba ilikamilika 1993, ina sehemu tano, dakika 40 na ushei. Naye angesubiri nimalize, kisha aulize: na kipenga?

Haya, kipenga. Sehemu ya kwanza ni "Lex", kwa jina la Lex Luthor, tajiri mwovu, adui wa Superman. Fidla moja inakimbia noti tatu tatu ndani ya pigo, na sisi wa midundo tunaifukuza. Vipenga ni vinne, vimetawanywa pande nne za jukwaa ili sauti imzingire msikilizaji. Shida inaanzia kwenye huko kutawanywa. Kwetu, kutoka kipenga cha kushoto hadi cha kulia ni kama mita 15, na sauti huchukua milisekunde 44 kuzivuka. Pigo likiwa 140 kwa dakika, kila noti ya tripleti ina milisekunde 143 tu. Ukimsubiri mwenzako kwa sikio, umeshachelewa karibu theluthi ya noti, na yule wa pembe ya tatu akikusubiri wewe, mambo yameharibika. Dawa ni kukaza moyo: fuata fimbo ya mwongozaji kwa macho, puliza hata kama masikio yanakwambia umewahi.

Halafu kipenga chenyewe. Chenye kigololi ndani kinatoa ule mtetemo wa uwanjani, lakini ukikipuliza kwa hasira kigololi kinanasa na sauti inakabwa. Ukikipuliza kwa upole kinazunguka kivivu. Mate yakiingia, kigololi cha gome la kizibo kinavimba na kugoma, kwa hiyo weka cha akiba mfukoni, kikavu. Kisicho na kigololi kinaitika papo hapo ila sauti yake imenyooka mno, na wanne wakichanganya aina mbili inasikika kama ajali. Noti ianzishwe na ikatwe kwa ulimi, "tu", pumzi ibaki imesimama nyuma yake. Kiumwe kwa meno ili mikono ibaki na vijiti. Kamba ya shingoni ivuliwe, maana ikigusa toazi utaijutia. Na kwenye mazoezi semeni "tu" kwa mdomo mtupu mpaka siku mbili za mwisho, kwa sababu mpiga fidla kubwa aliyekaa mita moja mbele yako ana masikio mawili tu na hayauzwi.

Hilo lote kwa ajili ya kipenga. "Simfoni ya kipenga," na kile kikohozi.

Jana usiku nilikuwa naweka alama za penseli kwenye karatasi zangu, nikaandika "refa" juu ya mstari wa kwanza bila kufikiri. Nikacheka peke yangu jikoni. Shangazi hajasikia hata noti moja ya kazi hii, na amesikia kile kile mtunzi alichotaka kisikike. Daugherty hakuandika chombo cha kupendezesha rangi ya okestra. Aliandika kipenga, mtu wa sheria anayemkimbiza mhalifu. Msikilizaji akitoka akisema tulipiga kwa ustadi na asikumbuke refa, tumekosea. Ndiyo maana mchezo wa kuigiza hautakiwi: anayevimbisha mashavu ili watu wacheke anaua kichekesho. Simama wima, uso mkavu, puliza kama umeona faulo.

Na ni hivyo hivyo kazi nzima. "Krypton", sayari alikozaliwa Superman, ina king'ora, na king'ora cha mkono hakipandi ghafla. Anza kukizungusha sekunde kadhaa kabla ya pale unapotaka kilie, na uhakikishe breki inashika, kwa sababu ukiacha mpini chenyewe kinaendelea kulia. "Oh, Lois!", ya Lois Lane, mpenzi wa Superman, ina mjeledi. Mwishoni "Red Cape Tango", aliyoiandika baada ya Superman kuuawa kwenye katuni, basuni inaingia na wimbo wa zamani wa Kilatini wa misa ya wafu, Dies irae, umegeuzwa tango. Nusu ya ukumbi wanatikisa mguu, nusu wanakumbuka mazishi.

Nitampigia Jumapili. Nitamwambia ndiyo, shangazi, nimekuwa refa, tena tuko wanne. Najua swali litakalofuata: "Na wanne wote mnalipwa?"

Na habari za nyumbani: Bakari anasogeza kitabu mpaka kinagusa pua. Nilidhani ni utundu wa kutaka aachwe asisome. Leo mwalimu wake kaandika kwamba hata akikaa dawati la mbele anakunja uso kusoma ubaoni, na nafasi ya karibu ya daktari wa macho ni baada ya wiki tatu.