"Ipi, Mama?"

Lile neno la Mama la Jumamosi bado linanizunguka.

Nilimpigia kwa video nikiwa makumbusho hapa Newcastle, nimwoneshe zile madhabahu tatu za Mithras, mungu aliyeabudiwa na askari wa Kirumi, zilizofukuliwa Carrawburgh, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1950. Makamanda wa kikosi cha Wabatavi, kikosi cha jeshi la Warumi, ndio waliozisimamisha, karne ya 3, jirani na Ukuta wa Hadrian, ule wa mpakani mwa Warumi. Nikamwambia kuwa juu ya madhabahu za Warumi huchongwa kibakuli cha kumiminia mvinyo au kuchomea ubani.

"Ubani? Hata wao?" Alifurahi kweli.

Nikamsomea herufi za mwisho: V S L M. Kwa Kilatini, ameondoa nadhiri yake kwa radhi, kama ilivyostahili. Askari wa Kirumi waliyaandika sana maneno haya hata herufi nne zikatosha.

Mama akanyamaza kidogo. "Na wewe, yako umeiondoa?"

"Ipi, Mama?"

"Mwanangu."

Basi. Hakuongeza neno. Wiki hii Rama kapata kazi ya kudumu, dada kajifungua salama, mimi naosha vyombo nasikia "Mwanangu". Kwa nini niliuliza ipi? Naijua. Viza ilipokuwa inasumbua niliweka nadhiri ya mbuzi kwa watoto wa madrasa ya mtaani kwetu Tanga. Mwaka wa nne huu.

Jana nilitoka zamu nikarudi kule peke yangu. Moja ya zile madhabahu ina sura ya mungu mwenye taji la miale, na miale yenyewe imetobolewa hadi nyuma, kwenye uwazi wa kuwekea taa. Nikainama nikachungulia tundu moja moja. Hekalu lao lilikuwa chumba cha giza, kama pango. Taa ikiwashwa, jiwe linatoa miale. Fundi alihangaika na matundu yale, na aliyemwagiza alitaka yawepo. Hapo "kwa radhi" ikaniingia. Nikaikumbuka siku ya viza, nilivyopiga kigelegele koridoni hadi jirani akafungua mlango. Furaha ile nilikuwa nimeisahau, nimebaki na deni tu.

Nikampigia kaka palepale, nimesimama mbele ya jiwe. Mbuzi anatafutwa, Ijumaa watoto watakula pilau. Nimelala vizuri.

Ila kwenye ile video, kila nilipomwonesha kitu Mama alikuwa akiisogeza simu kwenye jicho la kulia. La kushoto hakulitumia hata mara moja.