Hodi ya kurasa mbili: nilivyomaliza kozi ya uandishi wa kitaaluma nikiwa Kigoma

Mimi ni bwana samaki hapa Kigoma. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nikakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na chuo hali kadhalika. Kwa hiyo nilipojiunga na kozi ya juu ya uandishi wa kitaaluma, wiki 12 kwa njia ya mtandao, nijiandae na shahada ya uzamili, sikuwa na wasiwasi wowote. Kazi ya kwanza ikarudi na alama 41 kwa 100. Iliniuma sana, maana mada nilikuwa nimeichagua mwenyewe na ni jambo ninaloliona kila siku: dagaa wanaoanikwa mchangani katika mwalo wa Kibirizi, mahali mitumbwi inaposhushia samaki, na wale wanaoanikwa kwenye vichanja vya wavu.

Nilikuwa nimeanza na Ziwa Tanganyika, nchi nne zinazolizunguka, kina chake cha karibu mita 1,470. Nikapita Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nikaeleza faida ya samaki kwa watoto. Dagaa wa mchangani walitokea ukurasa wa tatu. Mwalimu aliandika pembeni: hoja yako iko wapi?

Siku mbili nilikuwa nimeudhika. Kwetu huingii kwa mtu ukaanza na shida yako. Unapiga hodi, unaamkia, unauliza habari za nyumbani na watoto, ndipo unasema kilichokuleta. Mimi niliona nimeandika kwa adabu. Kilichonifungua macho ni mfano wa utangulizi alioutoa John Swales, mtaalamu wa uandishi wa kitaaluma, mwaka 1990, wenye hatua tatu: onyesha uwanja na kinachojulikana, onyesha pengo ambalo halijaangaliwa, kisha ingia kwenye pengo hilo useme wewe unafanya nini. Nikausoma mara kadhaa nikagundua kuwa hodi na salamu zipo palepale. Salamu ni kuwataja waliotangulia kulichunguza jambo, nawe unawaamkia kwa kutaja majina yao na miaka ya kazi zao. Tofauti ni kwamba shida inasemwa mapema, ukurasa wa kwanza.

Kuanzia hapo, kabla ya kuandika aya yoyote niliitamka kwanza kwa Kiswahili, sentensi moja tu, kama ninayemwambia mtu mwaloni. Ikishindikana, basi aya hiyo haikuwa na jambo, nami niliiacha. Njia hiyo hiyo ilinikinga na kunakili maneno ya watu: nasoma makala, naifunga, najieleza kwa Kiswahili alichosema mwandishi, halafu kutoka kwenye Kiswahili changu naandika Kiingereza, na jina lake nalitaja. Awali nilikuwa nabadilisha maneno mawili matatu ya sentensi ya mtu nikidhani inatosha. Haitoshi, huo bado ni wizi.

Vineno vidogo vilinitesa kuliko misamiati mikubwa. Kiswahili hakina "a" wala "the". Nilijitengenezea kipimo: jina likikubali "huyo", "hicho" au "ile tuliyokwisha kuitaja", naweka "the". Kinasaidia mara nyingi, si zote. Lake Tanganyika haichukui "the", lakini the Malagarasi inachukua, na huo ni mto unaomwaga maji yake katika ziwa hilohilo! Mambo ya namna hiyo niliyaandika kwenye daftari la makosa, nikawa nalipitia saa kumi alfajiri, wakati intaneti ina kasi na watoto wamelala.

Kosa lililonigusa zaidi lilikuwa la neno moja. Nilikuwa nimemhoji mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi kwa miaka mingi. Katika Kiswahili chetu "yeye" ni yeye, awe mume au mke. Nikiandika haraka nilimwita "he" aya nzima. Mwalimu akauliza kama uanikaji ni kazi ya wanaume. Nilibaki nimeitazama ile karatasi. Kazi ile mwaloni kwa sehemu kubwa inafanywa na kina mama, na mimi kwa kineno cha herufi mbili nilikuwa nimewafuta wote. Nilirudia aya yote tangu mwanzo.

Kosa jingine: nilikuwa nimeandika kwamba uchunguzi wangu "proves", yaani unathibitisha, kuwa vichanja vinaongeza bei. Swali la mwalimu lilikuwa fupi: uliangalia siku ngapi, mialo mingapi? Siku tisa, mwalo mmoja. Basi andika "suggests", yaani unaashiria, au "may", huenda. Mwanzoni niliona ni woga, mtu anajua jambo halafu anasitasita. Nikawakumbuka wavuvi wetu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, watu wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Muulize mzee yeyote pale kama kesho atapata. Hasemi nitapata. Atakwambia, mwezi ukichelewa kutoka, na upepo ukitulia, na Mungu akijalia, huenda. Mzee huyo analijua ziwa kuliko mimi, ndiyo maana anapima maneno. Tangu siku ile nikiandika "may" namsikia yeye, na sijawahi tena kuona aibu kuliandika.

Wiki nyingine zilipita kwa kazi za kawaida: marejeo, majedwali, kukata sentensi ndefu. Umeme ulikatika siku ya kukusanya kazi ya tatu, nikaimalizia kwenye simu.

Kazi ya mwisho nilipata 73. Mbalamwezi iliyofuata niliichukua nakala nikaenda nayo Kibirizi kwa yule mama. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsomea kwa Kiswahili aya inayomhusu: kwamba dagaa wake wa mchangani huenda wanapoteza bei kwa sababu mnunuzi akitia mkono anakutana na mchanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kuchambua.

"Mwanangu, mchanga umeuandika vizuri. Mbona bei ya wavu hujaiandika?"

"Wavu upi, mama?"

"Wa hicho kichanja chako. Wavu nanunua, miti nanunua, fundi namlipa. Mchanga nimeukuta hapa, wa bure."

Sikuwa na jibu. Nilitoa kalamu nikamwomba anitajie bei moja moja, akazitaja, nami nikaandika pembeni mwa aya ya tano mpaka nafasi ikaisha.