Kilo 20 kabla ya sendofu

Sendofu ya mdogo wangu ilibakiza miezi miwili. Sare tulishapewa, kitambaa cha zambarau, na fundi aliponipima kiuno alinyamaza kwanza ndipo akaandika. Nilikuwa na kilo 92. Nikaapa: siku ya shughuli niwe na 72.

Kilo 20 kwa wiki 8! Leo hesabu hiyo nacheka mwenyewe, lakini wakati ule nilikuwa nimekaza. Asubuhi maji ya ndimu, mchana tango na yai, usiku chai ya kukata tumbo niliyouziwa saluni. Nilivyofungua pakiti nikaipata harufu ya sanamaki, ileile bibi aliyokuwa akitunywesha tukifunga choo. Siku 5, kilo 3 zikatoka. Siku ya 6 nikashikwa na kizunguzungu nimesimama kwenye daladala, konda akaninyanyulia mtu kiti. Nilipoanza kula, kilo zote 3 zilirudi kabla ya wiki kuisha. Mengi yalikuwa maji, mafuta yaliguswa kidogo tu.

Nikaenda zahanati. Presha 148 kwa 94. Nesi hakunigombeza. "Dada, hiyo 20 iache kwanza. Tushike asilimia 5 ya uzito wako." Akaandika nyuma ya kadi: kilo 4 na nusu, nusu kilo kwa wiki, isizidi moja. Nikamwambia hadi hapo sendofu itakuwa imeshapita. "Sendofu ya mdogo wako, presha yako."

Akaniuliza chai naweka vijiko vingapi. Vitatu. Vikombe? Vinne. Vijiko 12 kwa siku, karibu gramu 50 za sukari, na soda bado hatujaihesabu. Nikashuka hadi kijiko kimoja, wiki mbili nikihisi nakunywa maji ya kuoshea sufuria. Ugali sikuuacha, nimeolewa Usukumani mimi. Niliupunguza hadi ukubwa wa ngumi, mchicha ukajaza sahani. Jioni nikawa nashuka vituo viwili kabla ya kwangu.

Kupima ni Jumamosi tu, kabla sijala, kwa kijana mwenye mizani pale kituoni. Zamani nilikuwa napima kila siku na kila siku nina hasira. Wiki ya 4 mizani iligoma kabisa, hata ikapanda kidogo. Nilitaka kuirudia ile pakiti, nikakumbuka siku zangu ziko karibu, na siku hizo mwili hushika maji. Jumamosi iliyofuata ikashuka.

Siku ya sendofu nilikuwa na 89. Fundi alilegeza mshono, pilau nikala, na shangazi mmoja akaniuliza mbona hujapungua bado.

Huu ni mwezi wa 7. Nina 84, presha imeshuka. Kadi ya kwanza imejaa, na kwenye mpya nesi ameandika: kilo 4.