Kuchanganya mipini ya grafaiti na ya chuma katika seti moja ya ayoni

Seti yangu ya ayoni, yaani fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma na zinazozidi kuwa fupi kadiri namba inavyopanda, ina mipini ya aina mbili. Namba 4, 5 na 6 zina grafaiti (nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa utomvu) ya takriban gramu 95. Kuanzia 7 hadi pichingi weji, fimbo fupi inayofuata namba 9, ni chuma cha gramu 105 hivi. Zinapigika kama seti moja, na sehemu kubwa ya kazi iliyozifanya hivyo iko mahali pamoja tu: pale 6 inapokutana na 7. Mahali hapo napaita mshono. Mshono ukikaa sawa, fimbo zilizobaki hazisumbui. Ukikaa vibaya, utajikuta unabadilisha swingi yako bila kujua kila unapobadilisha fimbo.

Sheria za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia gofu duniani, hazikatazi mchanganyiko huu. Zinachotaka ni kila mpini uwe umenyooka, na upinde kwa kiasi kilekile upande wowote utakaougeuzia.

Faida ipo wapi? Ayoni ndefu zina uso uliosimama, hivyo zinadai kasi ndipo mpira upae na kutua kwa utulivu kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Mpini mwepesi huongeza kasi kidogo kwa nguvu ileile. Fimbo fupi hazina shida ya kupaisha. Kwazo natafuta mpira ufike umbali uleule kila mara, na uzito zaidi mkononi husaidia hilo. Kwa hiyo mpangilio wenye maana ni mwepesi juu, mzito chini: namba ndogo zibebe grafaiti, namba kubwa chuma. Mtu anayeumwa kiwiko au kifundo cha mkono ana hoja tofauti, na yeye namshauri aweke grafaiti seti nzima, kwa kuwa fimbo fupi ndizo zinazochimba ardhi zaidi na kurudisha mtetemo mikononi.

Sikushuka hadi grafaiti ya gramu 60 au 70, ingawa ndiyo inayouzwa kwa wingi. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, na majani yake hushika shingo ya fimbo na kukigeuza kichwa kabla ya mpira kuondoka. Mpini mwepesi sana mara nyingi pia hujisokota zaidi. Mpini wa chuma hujisokota karibu digrii 2 au pungufu katika kipimo cha kiwandani. Grafaiti nyepesi hufika 3, 4 au zaidi. Grafaiti nzito kama SteelFiber i95, yenye nyuzi nyembamba za chuma zilizozungushiwa nje, hupunguza pengo hilo.

Uzito ndio wa kwanza kupangwa. Pima kila mpini kwa mizani ya dijitali baada ya kukatwa, kwani gramu zilizoandikwa kwenye lebo ni za mpini mzima. Kwenye mshono nataka tofauti ya gramu 8 hadi 15. Ikizidi 20, mkono huanza kuzitambua kama fimbo za watu wawili. Anayetumia mipini ya chuma ya Dynamic Gold ya kawaida, ambayo inazunguka gramu 130, na kuiacha kwenye 7 huku 6 ikiwa na grafaiti ya gramu 65 ameruka gramu 65 kwa hatua moja, na hakuna utepe wa risasi, ule wa kuongeza uzito kichwani, utakaomwokoa.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji hawalisemi mara nyingi. Mipini ya ayoni huja kwa ncha, yaani upande unaoingia kichwani, za aina mbili. Ile ya ncha sawa ina kipenyo cha inchi 0.370, yaani milimita 9.4, huja kwa urefu mmoja, nawe huikata nchani nusu inchi zaidi kwa kila namba. Ile ya ncha iliyochongoka ina inchi 0.355, karibu milimita 9.0, kila namba ina mpini wake, na hukatwa upande wa mshiko tu. Ukitumia ncha sawa seti nzima, mpini wa 7 huwa mwepesi kuliko wa 6 kwa gramu moja hadi mbili, wa 8 hivyohivyo, na kuendelea. Huo ni mteremko ulio kinyume kabisa na unaoutaka. Kwa upande wa chuma ni afadhali kununua ncha iliyochongoka ya aina inayoshikilia uzito mmoja, au Dynamic Gold AMT, ambayo kila mpini unazidi wa kabla yake kwa gramu 3 kuelekea weji.

Kabla ya kununua chochote pima tundu la shingo, pale mpini unapoingia kichwani, kwa kalipa. Mpini wa 9.0 kwenye tundu la 9.4 unawezekana ukiweka kijaladio chembamba cha shaba. Mpini wa 9.4 hauingii kwenye tundu la 9.0 bila kulichimba, na kuchimba shingo nyembamba ni kuialika ipasuke. Tena usikate ncha iliyochongoka ili kuongeza ugumu: itakuwa nene kuliko tundu.

Baada ya uzito unakuja ugumu, na hapo herufi za R, S na X (kawaida, mgumu, mgumu zaidi) hazisaidii sana. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata, hivyo S ya grafaiti inaweza kuwa laini kuliko R ya chuma kutoka kwingine. Fundi mwenye mashine ya kuhesabu mitetemo atakupa namba. Kati ya ayoni moja na inayofuata, zikipishana nusu inchi, mitetemo hupanda kwa 4 hivi kwa dakika. Kama 7 yako ya chuma inasoma 318, tafuta 6 ya grafaiti inayokaribia 314. Ikisoma 304, hilo ni pengo la daraja zima la ugumu, kama kutoka S hadi R, na utaona 6 inapanda juu na kuvuta kushoto wakati 7 inakwenda moja kwa moja (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia).

Bila mashine, bana kila mpini kwenye jiliwa ukiwa mtupu, kwa umbali uleule kutoka nchani, ning'iniza kilo moja nchani na upime kwa rula umeshuka milimita ngapi. Huo si ugumu wa mwisho uwanjani, lakini unatosha kulinganisha mipini miwili ya mshono. Ukiukuta mpini wa grafaiti ni laini kidogo na una ncha sawa, nusu inchi zaidi ikikatwa nchani hupandisha karibu theluthi ya daraja. Kwa ncha iliyochongoka chukua mpini wa namba inayofuata, mfano mpini wa 7 uutie kwenye kichwa cha 6, ili mradi urefu utoshe.

Urefu ndio unaowaponyoka wengi. Watengenezaji wengi wa seti za grafaiti huzifanya ndefu kuliko za chuma, wakati mwingine kwa nusu inchi. Ukinunua 6 ya grafaiti iliyokwisha kuunganishwa ikiwa inchi 38, na 7 yako ya chuma ni 37, pengo limekuwa inchi nzima badala ya nusu. Mimi nakata zote kwa ngazi moja: 4 inchi 38.5, 5 inchi 38, 6 inchi 37.5, 7 inchi 37, hadi pichingi inchi 35.5. Nusu inchi hubadilisha pia namna kichwa kinavyolala ardhini kwa karibu digrii moja, hivyo fimbo iliyofupishwa hukaguliwa upya pembe yake.

Uzito wa swingi, yaani jinsi kichwa kinavyohisika kizito unapopiga, ndio mizani inayofunga hesabu; husomwa kwa pointi kama D1, D2 na kuendelea. Gramu 2 kichwani hupandisha pointi moja. Gramu 4 hadi 5 kwenye mshiko huishusha pointi moja. Nusu inchi ya urefu ni pointi 3. Mpini ukipungua gramu 9 au 10, pointi moja hupotea. Kwa hiyo 6 iliyotoka chuma kwenda grafaiti yangu huhitaji gramu 2 hadi 3 kichwani ili irudi pale ilipokuwa. Mimi lakini naziacha namba 4 hadi 6 kwenye D1 na zilizobaki D2, kwa sababu fimbo nyepesi yenye D2 hunipa hisia ya kichwa kinachoburuta. Uzito wa kuongeza, ukihitajika, nauweka nchani ndani ya mpini, ila kipande hicho kisivuke urefu wa shingo: kikipita, kinakuwa mahali ambapo grafaiti itakatikia. Kikihitajika zaidi ya gramu 4 ni bora utepe wa risasi nyuma ya kichwa, kwani mzigo wote ukikaa shingoni huvuta kitovu cha uzito kuelekea kisigino.

Kazi ya benchi ina sehemu mbili zinazohitaji uangalifu, kuutoa mpini na kuutayarisha mpya. Chuma hutoka kwa kupasha shingo moto kwa hewa moto au mwali mdogo unaozungushwa, kisha kukizungusha kichwa huku ukivuta. Grafaiti unayotaka kuitumia tena haizungushwi. Inavutwa kwa kifaa cha kuvutia, moja kwa moja, na moto unaelekezwa kwenye shingo peke yake. Ukiunguza utomvu unaoshika nyuzi, mpini umekufa hata kama kwa macho ni mzima.

Kichwa kilichotengenezewa mpini wa chuma mara nyingi kina ukingo mkali mdomoni mwa tundu. Ukingo huo hukata nyuzi za grafaiti polepole, na mpini huvunjika juu kidogo ya pete ya plastiki iliyo mdomoni mwa shingo. Uchonge kwa biti ya kuzamishia skrubu, milimita 2 hivi, mpaka mdomo uwe kama faneli ndogo. Safisha gundi ya zamani ndani kwa brashi ya waya, kisha asetoni.

Ncha ya grafaiti: pima kina cha tundu, kwa kawaida milimita 30 hivi, na ondoa rangi tu kwa msasa laini. Rangi ikiisha, simama. Ukiona nyuzi zinanyanyuka umekwenda mbali. Ncha ya chuma ni kinyume chake: kwangua kwa msasa mkali hadi kromu yote itoke, kwa kuwa gundi haishiki kwenye kromu. Wakati wa kukata grafaiti zungushia tepu ya karatasi na utumie diski ya kusaga badala ya msumeno wa meno makubwa, na uvae barakoa. Kikata bomba ni cha chuma tu, grafaiti huipasua.

Changanya epoksi ya mipini kwa vipimo sawa, paka ndani ya tundu na juu ya ncha, ingiza huku ukizungusha, futa iliyomwagika, kisha uiache saa 24 imesimama. Katika baridi ya Julai Nairobi naongeza siku ya pili.

Mishiko isisahaulike. Kitako cha chuma mara nyingi ni inchi 0.600, na cha grafaiti kinaweza kuwa 0.580. Mshiko uleule utakuwa mwembamba zaidi kwenye grafaiti. Ongeza mizunguko ya tepu chini yake hadi kalipa isome sawa, inchi 2 kutoka juu.

Jaribio ni kupiga 6 na 7 kwa zamu, mpira mmoja mmoja, bila kupiga kumi za fimbo moja kwanza. Mwili ukizoea fimbo moja, kasoro ya mshono hujificha. Chora mstari wima wa kalamu kwenye mpira na uuelekeze kwenye uso wa fimbo. Alama itakayobaki usoni ikiwa wima, pembe ni nzuri. Ikiinamia upande mmoja, shingo ikunjwe. Umbali kati ya hizo mbili uwe karibu na ule wa kati ya 7 na 8. Usipolingana, pima kwanza mwinuko wa nyuso kabla ya kuulaumu mpini, maana seti nyingi zina ngazi za digrii 3 mahali pamoja na 4 pengine.

Baada ya raundi chache kagua pete za plastiki. Pete ikipanda na kuacha ufa kati yake na shingo, jaribu kukizungusha kichwa kwa mkono. Kikisogea hata kidogo, gundi imeachia, na fimbo hiyo isipigwe tena mpaka iunganishwe upya. Hutokea zaidi kwa fimbo zinazoachwa kwenye buti la gari juani.