Ile nyota ya Cusco

Juzi kijana wangu mdogo alirudi na sproketi kuukuu ya pikipiki, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, aliyoiokota kwa fundi pale kona. Alikuwa ameshapitisha fimbo kwenye tundu la katikati na kuikaza kwa vipande vya mpira wa tairi. Akanisimamia mbele ya kikombe changu cha chai.

"Baba, ukimpiga nayo mtu, anakufa?"

Sikumjibu. Akili ilikuwa imeshafika Cusco.

Ile safari ya Peru nimeshaisimulia hapa mpaka mmechoka: begi lililopotea siku mbili, chai ya majani ya koka, na mimi mtu wa Tanga kuhema kama mzee kila nikipanda ngazi kumi. Mji uko mita 3,400 hivi juu ya bahari. Kwetu ukifika kimo hicho uko Kilimanjaro, unakaribia kambi ya Horombo na mpagazi kakubebea mzigo. Wenzetu huko wanapeleka watoto shule. Basi narukia siku ya nne.

Asubuhi niliingia jumba la makumbusho, na sababu kubwa ni kwamba nilitaka mahali pa kukaa. Ndani ya kabati la kioo niliona kitu nikadhani ni kipuri cha mashine: nyota ya ncha sita, yenye tundu katikati. Kumbe ni kichwa cha rungu la vita la Wainka, waliotawala huko kabla ya Wahispania kuja. Waliyeyusha shaba na bati, wakamimina kwenye kalibu, kisha mpini wa mti ukapitishwa tunduni. Askari alipigana nalo, na mfalme naye alilishika kama fimbo ya enzi. Guaman Poma, mwenyeji wa Andes aliyechora wafalme wa Inka mwanzoni mwa miaka ya 1600, kawachora nalo mkononi.

Kabati la pili lilikuwa na fuvu lenye tundu. Hilo halikuwa la rungu, lilikuwa la tabibu. Mfupa ulikwanguliwa taratibu, na kingo zake zilikuwa zimelainika na kujiviringa kama mdomo wa kikombe. Mfupa wa maiti hauoti hivyo. Yule mtu alitobolewa kichwa, akaamka, akaendelea kula viazi vyake kwa miaka. Kufikia enzi za Wainka wengi wa waliotobolewa walipona. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya dhahabu.

Mchana nikateremka sokoni. Juu ya mji zinaonekana kuta za Sacsayhuamán, ngome ya Wainka, ambako mwaka 1536 Juan Pizarro, ndugu yake Francisco, yule Mhispania aliyeiteka Peru, alipasuliwa kichwa kwa jiwe. Siku hiyo hakuvaa kofia ya chuma kwa sababu alikuwa na jeraha la taya. Hadithi hiyo ningependa ibandikwe kila kijiwe cha bodaboda.

Mama mmoja wa makamo alikuwa anauza sanamu za lama, soksi za sufu, na nyota ileile, mpya, imepakwa ukijani ionekane ya kale. Ilikuwa na mpini. Nikaionyesha kwa kidole, akanipa.

Uzito wote uko mwisho. Mkono unaanza kwa kushuka, kisha wenyewe unatafuta kupanda. Nilipitisha kidole gumba kwenye ncha moja, na hapo nikamkumbuka kijana niliyempokea hospitalini zamu ya usiku, miaka mingi nyuma, aliyepigwa nondo. Nilikuwa nanyoa nywele nimshone, kidole kikateleza kwenye kishimo, mfupa umebonyea kama ganda la yai la kuchemsha. Nilijua kabisa kitu kile kinafanya nini. Pengine hakuna mtu sokoni aliyejua kama mimi.

Na bado nikakiinua. Kikafika usawa wa sikio, kiwiko kimekunjwa, mguu wa kushoto umetangulia, na hakuna aliyenifundisha. Nisiwadanganye, ilikuwa raha.

Msichana wa yule mama, umri wa darasa la pili hivi, alikuwa anapukuchua mahindi pembeni. Aliinua macho, akaacha mahindi, akajisogeza nyuma ya sketi ya mama yake. Mama mwenyewe hakusogea. Alitabasamu lile tabasamu la biashara, akanyoosha mkono, akashika mpini juu kidogo ya vidole vyangu na kuushusha polepole, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi. Kisha akataja bei.

Nililipa bila kuomba kupunguziwa. Mtu anaombaje kupunguziwa hapo?

Uwanja wa ndege wa Lima waliikuta kwenye begi la mkononi, wakaichukua, na walikuwa na haki. Yule ofisa, kabla hajaitia kwenye pipa, aliipima mkononi. Akaizungusha kidogo, akainua kidogo. Akaniona namtazama, akaishusha.

Sasa kijana bado amesimama, chai imepoa.

"Inategemea unampiga wapi," nikamwambia.

Mama yake alichungulia kutoka jikoni, akanitazama hivi, akarudi kwenye sufuria zake. Nikajaribu kurekebisha, nikamsimulia mtoto habari za fuvu na yule mtu aliyepona. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Na aliyempiga, alienda kumpa pole?"

Sproketi nimeiweka juu ya kabati la vyombo. Fimbo sijaitoa.