Kikombe mikononi mwa mama

Nimerudi sasa hivi kutoka ibadani hapa Malindi, na hata chai sijanywa.

Katika kanisa letu la Kianglikana yuko mama mtu mzima ambaye, tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili, amekuwa akifagia sakafu kila Jumamosi na kupanga maua, wala hakuna aliyewahi kumfikiria kwa kazi nyingine.

Leo, kwa mara ya kwanza, alisaidia kugawa kikombe cha Ushirika Mtakatifu.

Alipofika penye ngazi ya madhabahu alisita, akavua viatu, kama afanyavyo siku zote anapopanda na ufagio wake, kisha akatuhudumia miguu mitupu. Mikono yake ilinukia sabuni ya kufulia. Alipotamka "Damu ya Kristo", sauti ilimtetemeka.

Kando yangu alipiga magoti mzee ambaye mwaka 2021, Emily Onyango alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa Kanisa la Kianglikana la Kenya, alitwambia kwamba hayo ni mambo ya bara. Alikunywa, akainamisha kichwa, na akachelewa kuinuka kuliko sisi sote. (Sikumuuliza neno, si adabu.)

Paulo anamtaja mwanamke aitwaye Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, katika Warumi 16, nami mstari huo nimekuwa nikiupita mbio miaka yote.

Ndugu zangu wa Lamu, Kilifi na kwingineko, je, kwenu kina mama wanahudumu madhabahuni? Niandikieni hapa chini.